Nyama ya moshi kwa jiko la debe: mbona inatoka chungu?

#1 Kibatari
Wakuu habari za jioni. Nipo Arusha, na kwa wiki mbili nimekuwa nahangaika na jiko la kufukizia nyama nililojitengenezea mwenyewe.

Nilichukua debe la mafuta ya kula la lita 20, nikalikata mdomo, nikatoboa matundu manane chini ubavuni kwa msumari. Ndani nikaweka sahani ya bati ya kushika mkaa. Juu yake, kama shibiri moja hivi, nikapitisha nondo mbili za milimita 6 na kulaza wavu. Mfuniko ni sinia. Gharama yote haikufika elfu kumi na tano, kwa sababu debe lenyewe nilipewa na mama muuza chipsi.

Jumamosi nikatia mbavu za kitimoto kilo moja na nusu, saa tatu nzima. Rangi imekuja ya kupiga picha. Kuonja sasa! Chungu, halafu ulimi unakufa ganzi kama nimelamba jina langu. Mkaa ni wa kawaida wa gunia, juu yake nilitupia vipande vya mti nilivyoloweka usiku kucha. Moshi ulikuwa wa kutosha kabisa, hadi jirani alikuja kuuliza kama nyumba inaungua. Nakosea wapi?

#2 Mpita Njia
Ngoja waje wataalamu.

#3 Pilipili Kichaa
Tufafanulie kwanza: nyama chungu, nyama kwenye chungu, au chungu wameingia kwenye nyama? Na ni nyama ya moshi au nyama ya Moshi? Maana nyie wa Arusha mkikosea kitu lazima mumsingizie jirani.

#4 Mbongo Houston
Jibu umeshalitoa mwenyewe mkuu: "jirani alikuja kuuliza kama nyumba inaungua." Huku Texas watu wanakesha na pipa la nyama na ukipita barabarani unasikia harufu tu, moshi wenyewe huuoni vizuri. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, wa bluu bluu, kama wa sigara iliyoachwa kwenye kisahani. Ule mweupe mzito ni kuni ambazo haziwaki, zinateseka. Unabeba lami na masizi na vyote vinaganda kwenye nyama. Ganzi ya ulimi ndiyo dalili yake.

Na suala la kuloweka, acha. Maji hayaingii kwenye mti kwa usiku mmoja, yanalowesha ngozi tu. Matokeo yake kipande kinatoa mvuke na kupoza makaa kwanza, ndipo kianze kuungua vibaya. Tumia mti uliokauka, vipande vya ukubwa wa ngumi, viwili au vitatu basi.

#5 Mangi Mbuni
Mimi nauliza mti. "Vipande vya mti" ni mti gani? Maana kama umeokota msesewe hapo umepika mbege ya kitimoto.

#6 Kibatari
Hahaha Mangi. Nilichukua kwa fundi seremala wa jirani, mabaki ya mbao. Sikuuliza ni mti gani.

#7 Mangi Mbuni
Kesi imekwisha, hakimu anyanyuke. Mafundi wa Arusha wanaranda nini kila siku kama si paini na msaipresi? Ile miti ina utomvu, na utomvu ukiungua ni lami tupu. Na mbao nyingine zimepakwa dawa ya mchwa, hizo usisogeze kwenye chakula hata kwa kuwashia moto.

Tafuta mbuni. Wakulima wa Meru wakipogoa kahawa wanaona ni kuni tu, lakini kijiti cha mbuni kilichokaa miezi sita kwenye banda hakina mpinzani. Ukikosa, mparachichi, mpera au mwembe. Achana na mkaratusi na mwarobaini.

Kwa wasiojua, msesewe ndio mti ambao gome lake tunatia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ili iwe na uchungu. Sikuwa natukana.

#8 Fundi Gerezani
Mnamzunguka mleta uzi na miti wakati tatizo ni jiko. Mimi kazi yangu ni kukata mapipa na kuchomelea, nimetengeneza haya majiko ya kutosha. Soma tena #1: wavu uko SHIBIRI MOJA juu ya mkaa. Hapo hujafukiza, umebanika mishkaki na kuifunika. Mafuta ya nguruwe yanadondoka moja kwa moja kwenye kaa la moto, yanalipuka, na ule moshi wa mafuta ndio unaorudi kwenye nyama. Ungetia hata udi wa Zanzibar ingetoka chungu.

Kwenye pipa la lita 200 tunaacha inchi 24 kati ya mkaa na wavu. Wewe debe lako lote halifiki hata 15.

Kama hutaki pipa, fanya hivi. Tafuta debe la pili, toa kitako na mdomo, lipandishe juu ya la kwanza, lishike kwa skrubu fupi pembe zote nne. Sasa una sentimita kama 70. Mkaa chini kabisa kwenye kikapu cha wayamesh nzito, usikae kwenye sahani, ili hewa ipite chini yake. Nyama inchi nne tu chini ya mfuniko. Katikati tundika sahani ya bati yenye maji au mchanga, ikinge mafuta na kuzuia mwali. Matundu manane ya msumari ziba yote, toboa matatu tu ya nusu inchi na uyawekee kitu cha kufungua na kufunga. Mimi natumia sumaku za spika mbovu, unaitelezesha tu. Na mfuniko wako wa sinia una tundu?

#9 Kibatari
Hauna tundu.

#10 Fundi Gerezani
Unaona sasa. Jiko halina dohani. Moshi unaingia hautoki, unalala juu ya nyama mpaka unachacha. Toboa juu, inchi moja na nusu, na hilo liache wazi muda wote. Moto unaongozwa na matundu ya chini.

#11 Mama Wawili
Asanteni kwa somo. Ila na mimi nina langu. Nauza mkaa mwaka wa tisa huu, na siku hizi mkaa mwingi haujaiva. Wachomaji wana haraka, tanuri la udongo linafunguliwa kabla ya siku zake, katikati ya kipande mti bado ni mti. Ukiuwasha unatoa moshi mweupe wenyewe bila kuongezewa chochote. Chukua vipande viwili ugonganishe: ulioiva unalia kama kigae, ambao haujaiva unasema "bu".

Kwa hiyo kijana anaweza kubadili debe na mti na bado ikatoka chungu. Kwanza awashe mkaa nje mpaka uvae majivu, ndipo auingize.

#12 Mbongo Houston
> Mama Wawili amesema: kwanza awashe mkaa nje mpaka uvae majivu

Hapo mama nakubali nusu. Ukiingiza mkaa wote ukiwa umewaka, debe linafika nyuzi 200 na kitu ndani ya dakika chache na mbavu zinakuwa kuni. Tunachofanya ni kujaza kikapu mkaa baridi, kisha tunaweka makaa machache ya moto juu katikati. Moto unashuka taratibu wenyewe, saa nyingi bila kuongeza. Joto unalolitafuta ni kati ya 107 na 135 za selsiasi.

#13 Mama Wawili
Huo mkaa baridi wenu umepimwa na kufungwa kwenye mfuko wa karatasi. Huu wa kwetu ukiuwasha taratibu ndio unatoa ule uchafu taratibu, saa nne mfululizo, juu ya chakula. Sibishani, nasema tu mkaa si mmoja.

#14 Mbongo Houston
Hapo umenipiga chenga.

#15 Mzee wa Kanuni
Mnafundishana mkaa wakati serikali imeshapiga marufuku? Katazo lilianza Januari 2024.

#16 Kemia Kidogo
Mzee, lile katazo la mwisho wa Januari 2024 lilihusu taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku: shule, magereza, kambi na kadhalika. Mtu na debe lake uani hahusiki, labda kama mbavu kilo moja na nusu zinalisha kambi.

Nirudi kwenye debe. Kuna mtu kaniuliza pembeni kama debe lina zinki yenye sumu. Debe la mafuta ya kula halijapakwa zinki. Limepakwa bati lenyewe, yale madini yanayochimbwa Kyerwa. Zinki iko kwenye mabati ya kuezekea, ndoo za chuma na baadhi ya nyavu za waya. Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420 na kuchemka 907. Kwenye ukuta wa jiko la nyuzi 120 haifiki popote, ila wavu au kikapu kinachogusa kaa la moto ni habari nyingine. Mafundi wa kuchomelea wanaijua ile homa ya jioni baada ya kuunguza bati la zinki. Kwa hiyo kikapu cha mkaa na wavu wa nyama viwe chuma kitupu.

Bati la debe nalo huyeyuka kwenye 232. Ukiona vitone vinavyong'aa kwenye kitako cha debe, ndicho hicho. Kwa hiyo washa moto mkubwa mara ya kwanza likiwa tupu, lichome lote ndani, lifute, kisha lipake mafuta ya kula na kulichoma tena.

#17 Fundi Gerezani
Ile homa naijua. Tunakunywa maziwa.

#18 Kemia Kidogo
Maziwa hayaisaidii, mkuu. Hewa safi ndiyo dawa.

#19 Fundi Gerezani
Maziwa ni matamu lakini.

#20 Sangara Mkavu
Salaam kutoka Mwanza. Nyie wa nyama mnajifunza leo kitu ambacho wa samaki tunakijua toka kwa bibi. Hatuanzi na moshi! Kwanza samaki anakauka ngozi, kwa upepo au moto mdogo wa wazi, mpaka ukimgusa hanati maji. Ndipo unafunika na kutia moshi. Ukimtia akiwa na maji, moshi unageuka uji mweusi juu yake na unakuwa mchungu. Bwana Kibatari, mbavu zako zilitoka wapi kwenda jikoni?

#21 Kibatari
Zilitoka kwenye friji, nikaziosha, nikatia.

#22 Sangara Mkavu
Haya.

#23 Mtoto wa Bagamoyo
Hata sisi Pwani ng'onda tunamfanya hivyo hivyo, moshi baadaye.

#24 Bi Mwana
Wewe mtoto wa Bagamoyo gani usiyejua ng'onda? Ng'onda anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa juani. Moshi hauoni. Wa moshi ni samaki wa kubanika.

Na nyama inayopikwa taratibu niliyoiona mimi ni huku Maskati, shuwa. Nyama inapakwa viungo siku mbili, inafungwa majani ya ndizi na kuwekwa kwenye makuti, inafukiwa shimoni juu ya makaa, mtaa mzima shimo moja. Inakaa usiku na mchana, nyingine siku mbili, Idi inafunguliwa. Haina uchungu hata chembe.

#25 Pilipili Kichaa
Shikamoo Bi Mwana. Ila hiyo imefungwa majani, moshi hauigusi. Ni sawa na kusema mimi sijawahi kulowa na mvua nikiwa ndani.

#26 Bi Mwana
Marahaba. Basi mfungieni majani na yeye. Tatizo si linakwisha?

#27 Jirani wa Eldoret
Hamjambo majirani. Kwetu Kalenjin moshi hautafutwi kwa nyama, ni kwa maziwa. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kinasuguliwa ndani na kijinga cha mti wa senetwet mpaka kinakuwa cheusi, halafu maziwa yanaingia. Na kuna uchungu kidogo, tena bila huo si mursik. Kwa hivyo nauliza, kwani ni nani alisema uchungu ni makosa? Labda ni kipimo tu kilizidi.

#28 Pilipili Kichaa
Jirani anataka tumwambie mleta uzi kuwa mbavu zake ni mursik.

#29 Kibatari
Wakuu naleta mrejesho wa kwanza. Nimefanya ya Fundi: debe mbili, sahani ya mchanga katikati, dohani juu. Mti ni mbuni, nimepewa bure. Ila mvua za masika zilinikuta katikati, nikaliingiza jiko koridoni na kuendelea.

Nyama imekuwa bora kuliko mwanzo, lakini pembeni bado kuna uchungu. Katikati safi. Halafu nilinunua kipimajoto cha elfu ishirini, nimekipima kwenye maji yanayochemka kinasoma 95. Nimeuziwa feki?

#30 Kemia Kidogo
KORIDONI? Mkuu usirudie. Mkaa unaowaka kwa hewa kidogo, na jiko lako ndivyo linavyofanya kazi, unatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, na moshi si kipimo chake. Watu wanalala na jiko la mkaa ndani na hawaamki. Mvua ikinyesha, jiko lipigiwe turubai uani, pande zote ziwe wazi.

#31 Mama Wawili
Na mimi nasema hivyo hivyo. Ukirudia nakufungia uzi.

#32 Mangi Mbuni
Kipimajoto chako ni kizima. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 95 hivi. Ukitaka 100 shuka nacho Tanga.

#33 Kibatari
Koridoni sirudii, nimeelewa. Na aliyeniuzia nilikwenda kumfokea jana, itabidi nirudi na soda.

#34 Daktari wa Ng'ombe
Kwa kuwa kipimajoto ni kizima, kitie kwenye nyama yenyewe, sehemu nene, mbali na mfupa. Kitimoto angalau 63 na uiache ipumzike dakika tatu, ya kusaga 71, kuku 74. Moshi si dawa ya minyoo tegu. Rangi nayo isikudanganye, maana nyama ya moshi hubaki na ukanda mwekundu chini ya ngozi hata ikiiva, ni gesi za moto zinazoshikana na rangi ya nyama. Nunua iliyopigwa muhuri wa mkaguzi.

Na usilizubaishe pande kubwa kwenye joto la uvuguvugu. Kati ya nyuzi 4 na 60 ndipo vijidudu vinapofanya sherehe.

#35 Mbongo Houston
Naongeza kwa watakaojaribu kidari cha ng'ombe: ikifika kama 70 joto linagoma. Linaweza kukaa hapo saa tatu, nyama inatoa jasho na kujipoza. Msichochee moto! Mimi mara ya kwanza nilichochea, nikawalisha wageni soli ya kiatu. Kidari unakitoa kwenye 93 hivi, mishipa ikishayeyuka.

#36 Kemia Kidogo
Uchungu wa pembeni unanirudisha kwa Fundi, mafuta yanayodondoka pembeni mwa sahani. Na si ladha tu. Mafuta kwenye kaa yanatoa kemikali zinazohusishwa na saratani. Ulaya wameweka kikomo cha mojawapo, benzopairini, kwenye nyama ya moshi: mikrogramu 2 kwa kilo tangu Septemba 2014. Kabla ya hapo ilikuwa 5.

#37 Fundi Gerezani
Asante. Nilisema toka #8.

#38 Mangi Mbuni
Pembeni ndipo dohani inapovuta, Fundi. Umeweka tundu wapi, Kibatari? Katikati au kona?

#39 Mama Wawili
Na mkaa ulibadilisha?

#40 Kibatari
Tundu liko kona. Mkaa ni gunia lile lile.

Wakuu kuna kitu sikusema mwanzoni kwa sababu sikuona kama kina maana. Mbavu huwa napaka asali na soya kabla ya kuziingiza. Mara zote mbili.

#41 Sangara Mkavu
Maposti arobaini, ndugu yangu.

#42 Pilipili Kichaa
Mtu kaungua sukari tunamchunguza msesewe.

#43 Mbongo Houston
Asali inapakwa dakika ishirini za mwisho! Ikikaa saa tatu inaungua, na sukari ya asali inaanza kubadilika mapema kuliko ya mezani. Pembeni ndiko kwenye joto zaidi, na ndiko asali inakotiririkia. Inaeleza kila kitu.

#44 Kemia Kidogo
Haielezi ganzi ya ulimi. Sukari iliyoungua ni chungu, haitii ganzi.

#45 Mangi Mbuni
Paini inatia ganzi.

#46 Mama Wawili
Mkaa mbichi unatia ganzi.

#47 Kibatari
Mrejesho wa pili. Safari hii bila asali, nyama imekaushwa uani saa moja, mkaa umegonganishwa kipande kwa kipande kama alivyosema Mama Wawili (watoto walidhani nimechanganyikiwa), tundu nimelihamishia katikati. Moshi wa bluu. Haina uchungu. Najua mtauliza ni kipi kimesaidia. Nimebadili vyote kwa pamoja, sijui.

Ila Jumapili mama mkwe alikuja. Nikampa hii mpya, akala kwa adabu. Kwenye friji kulikuwa na mabaki ya mara ya pili, mama watoto akayapasha akamwekea bila kuniambia. Mama akaweka ile mpya pembeni. Akasema hii ya pili ndiyo nyama, inafanana na ile baba yake aliyokuwa anatundika juu ya meko.

#48 Jirani wa Eldoret
Si nilisema.

#49 Kemia Kidogo
Rudia, ubadili kimoja kimoja. Vinginevyo hatujui lolote.

#50 Kibatari
Kimoja kimoja ni Jumamosi sita na kilo tisa za kitimoto. Nani anachangia?

#51 Mpita Njia
Mimi wa kuonja nipo.

#52 Fundi Gerezani
Nina mapipa mawili ya lita 200. Moja lilikuwa la juisi ya maembe, ndani safi. Wa Dar aje inboksi.

#53 Pilipili Kichaa
Fundi, na lile jingine lilikuwa la nini?

#54 Fundi Gerezani
Lile sijauza.